Nyungu ya Kalasa

Kalasa alikuja Jumapili, matope ya Katuba bado mabichi,
nyungu begani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
"Yaya, hii nimeimimina kwa mikono yangu.
Haipasuki. Wajukuu wataigombania."

Niligonga kifuniko kwa ukucha: ngoo.
Sauti ya kitu kinachotaka kusifiwa.
Nikasifu.

Lakini uani kwake napajua.
Nimekaa pale juu ya tairi, nikimtazama anavyokusanya:
pistoni ya lori lililofia njia ya Likasi,
rimu, mabomba, kichwa cha injini,
vichwa vya betri wanavyookota watoto,
vyote pipa moja, moto mmoja,
vyote maji meupe yasiyo na jina.
Mchanga mweusi unapokea. Nyungu inazaliwa.
Nani atamuuliza mtoto wa moto baba yake ni nani?

Jumatatu nilipikia ngai-ngai.
Ule uchachu uliiramba nyungu usiku kucha.
Asubuhi mboga ya kijivu,
na kuta za ndani zinang'aa, safi,
kama mtu aliyekwisha kutoa siri zake zote.

Numbi wa zahanati hakupaza sauti.
"Risasi haina harufu," akaniambia, akifunga daftari.
"Inaingia kwa mtoto kijiko kwa kijiko,
inakaa mifupani kama mpangaji asiyelipa.
Na hutamsikia akihamia."
Nikawaza Mwewa wangu, miaka minne,
anayekwangua ukoko kwa kijiko cha chuma, krr, krr,
kwa sababu ukoko ndio utamu.

Zamu yangu ya likelemba ilipofika, nilikwenda sokoni
na sumaku ya redio iliyokufa ndani ya kitenge.
Nyungu za maua, za kupakwa: nzuri kwa macho,
lakini ukingoni ua moja limebanduka
na kutu inachungulia kama jirani.
Kikaango cheusi kisichoshika yai:
muuzaji anaapa kwa mama yake,
na ngozi yake inajikunja chini ya kidole changu.
Inoksi nyepesi kama karatasi ya sigara;
bukari ingeungua katikati, kandokando unga mbichi.

Na shaba? Jiji hili limelala juu ya shaba,
kwangu hakuna hata kijiko chake.
Sijutii. Shaba uchi na mboga chachu hawaaminiani.
Ipande treni, iende zake.

Mwisho kabisa, chini ya rundo la minyororo, niliiona:
chuma, nyeusi, mguu mmoja mfupi kuliko mingine.
Sumaku ikaruka, ikanata. Muuzaji akacheka:
"Mama, unanunua nyungu au unaoa?"
Vyote viwili, nikamwambia. Punguza.

Njiani mkono uliniuma hadi bega.
Nikaisugua mchanga, nikaipaka mawese,
nikaiacha juu ya mbabula hadi moshi ukaisha,
nikapaka tena, nikachoma tena.
Haipendi kulala na maji. Inadai kukaushwa kila usiku
kama mtoto mchanga.
Siku mbili niliisahau, ikanionyesha wekundu wake.
Tukasugua, tukasameheana.

Jumapili nyingine Kalasa akarudi.
Akala sombe, akaramba vidole,
akaanza kutafuta kwa macho, rafuni, chini ya meza,
mpaka akaiona mlangoni,
imejaa makala hadi shingoni.

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni,
umepoa kiasi, unamezeka.
Akaniwahi. Kwanza kikohozi, kile chake cha uani,
kikavu, kirefu.
"Ni sawa, Yaya. Makala hayana damu."
Akaiangalia ile ya mguu mfupi, akaipima uzito kwa mkono mmoja,
akairudisha taratibu.
"Na sisi nyumbani tunapikia ile nyeusi ya mama."

Sikumuuliza tangu lini.
Nilimwongezea bukari.