Anwani Moja, Ngamiani

Seva ni moja, ipo chini ya ngazi,
Barabara ya Kumi na Tano, nyuma ya cherehani za Bi Mwantumu.
Anwani ni moja. Tovuti tisa.

Mgeni akibisha haulizwi katoka wapi.
Anaulizwa: wamtaka nani?
Akitaja madrasa, anapewa matokeo ya madrasa;
akitaja machungwa, bei ya machungwa ya Muheza;
na hakuna ajuaye
kuwa ukuta kati yao ni mistari sita
niliyoiandika usiku, umeme ukikatika, ukirudi.

Ukikosea herufi, seva haikufukuzi.
Inakupeleka kwa wa kwanza kwenye orodha,
naye ni Shekue, fundi madirisha ya alumini.
Ananiuliza mbona mwezi huu
watu wanampigia kuulizia kamba za mkonge.
Nimenyamaza. Kauza madirisha mawili.

Juzi diski ikajaa.
Nikapita chumba kwa chumba, nani hajalipa:
Singano, mtengeneza baiskeli.
Tulimzika mwaka juzi, mvua za vuli.
Picha nne, namba ya simu isiyopatikana.
Nilikuwa nishaandika amri ya kufuta
nikachungulia daftari la waingiao:
mtu mmoja, kila Ijumaa, kabla ya adhana ya alfajiri,
anataja jina lake,
anakaa dakika tatu,
anaondoka.

Nimefuta video ya harusi yangu. Ilikuwa nzito.
Kwenye kitabu cha kodi, mbele ya Singano,
nimeandika: kalipa.