Sindano Saba

Miaka kumi na mmoja nimefundisha historia hapa Hoima,
na miaka kumi na mmoja Isingoma amesinzia.
Si yule yule, la: kila mwaka huja mwingine,
shavu lile lile juu ya dawati,
udenda ule ule ukichora Ziwa Albert pembezoni mwa daftari.

Niliandika: mkataba, mwaka, mipaka.
Walinakili: mkataba, mwaka, mipaka.
Vumbi la chaki likanizidishia mvi.

Likizo ya Agosti nikauza gunia la mahindi,
nikanunua karatasi, wino na ujasiri kidogo,
nikatunga kijitabu, jalada lake mfuko wa saruji.
Mimi si mchoraji. Farasi wangu hufanana na viti.
Lakini funza nilimpatia:
kanenepa, kavaa kofia ya afisa,
kajichimbia chini ya ukucha wa askari,
naye askari, bunduki begani,
anachechemea kwenda kuteka nchi.
"Dola nzima," nikaandika chini yake, "ikijikuna."

Isingoma akainua kichwa.
"Mwalimu, na mayai yake huwa mangapi?"

Ukurasa wa tisa ndio ulioleta kesi.
Mama mja mzito kalazwa, kaleweshwa pombe ya ndizi;
mganga ananawa mikono kwa pombe ile ile
(mbuzi pembeni: "Mimi je, sikaribishwi?"),
kisha kisu,
kisha chuma cha moto, tssss,
kisha mtoto, analia,
kisha sindano saba za chuma kubana tumbo
na uzi wa gome la mti kuzizunguka.
Mgeni wa Kizungu alisimama pale, akaandika yote.
Elfu moja mia nane sabini na tisa:
mwaka huo hakuna aliyeukosa kwenye mtihani.
Nyakato alikimbia nje kutapika,
akarudi mbio asipitwe.

Akaja mama yake Kaahwa ofisini kwa mkuu,
kijitabu kakishika kwa ncha za vidole kama panya mfu.
"Mnawafundisha watoto kuchekea damu?
Jana binti yangu kaniomba nifunue tumbo, ahesabu nyuzi!"
Mkuu akanitazama. Mimi nikatazama viatu.
Akafungua ukurasa, asome aibu yangu kwa sauti.
Kwa mbuzi, pua ilimsaliti.
Kwa sindano ya saba, mkono ulishuka wenyewe
juu ya gomesi, chini ya mshipi,
pale alipotokea Kaahwa.
Akanyamaza. Nje mtu alikuwa akifyeka nyasi.

"Mganga mmemsifu," akasema. "Mgeni mmemtaja.
Huyu mama, empaako yake nani?"

Sikuwa nayo. Vitabu nilivyosoma havikuwa nayo.

Jumatatu nikalipeleka swali darasani.
Kumwita mtu bila empaako, kwetu,
ni kumpita njiani kama jiwe.
Wakabishana: Adyeri, hapana, Akiiki,
kengele ikalia, hakuna aliyetoka.
Mwishowe Isingoma akachukua penseli
(penseli, ili ikipatikana ya kweli tufute)
akaandika juu ya kichwa cha mama yule,
herufi zimepinda kama farasi wangu:
Abwoli.
Kisha akamchorea mto.
"Sindano saba, Mwalimu," akasema,
"halafu wewe umemlaza chini."