Mshale Kwenye Saba

Miaka kumi na minne nimefundisha kwa vizibo.
Vya soda, vya bia (kuna mzazi alilalamika),
mfuko wa rambo chini ya meza yangu, Vingunguti.
Kila Ijumaa nahesabu, viwili havipo.
Kimoja nilikikuta puani mwa Pazi.

Muhula huu tumeletewa kishikwambi.
Kimoja. Darasa la nne peke yake lina watoto tisini na wawili.
Nikakiegemeza kwenye ndoo, projekta ya kuazima,
na ukutani, juu ya alama za maji ya masika,
vikaning'inia vipande vya rangi:
nusu, theluthi, robo.

Zamoyoni akaja akifuta kidole kwenye sketi.
Akavuta theluthi mbili ajazie nusu.
Zikapitiliza.
Akazirudisha. Akavuta robo, akaongeza robo.
Kioo hakikuguna, hakikumwita mzembe.
Nami pembeni na chaki yangu
nikawakumbuka niliowaambia "kaa chini"
kidole kikiwa bado kinafikiri.

Saa nne kikaenda darasa la kwanza.
Silabi zinaburutwa kama viti:
*ba* ikaifuata *ti*, mtoto akatazama juu,
"Bati!" akalionyesha, lile lenye tundu.
Saa tano kikaenda la sita, kwa Mwalimu Kihwelo.
Wakaunga waya, betri, swichi, taa ikawaka,
na Mrisho, ambaye baba yake ni fundi, akainua mkono:
"Mwalimu, umeme huu haupigi shoti?"
Haupigi.
"Sasa tutaogopa nini?"
Swali hilo bado liko ofisini,
linakunywa chai na sisi.

Kesho yake, darasa la pili, saa ya mishale.
Mfupi nikauweka kwenye saba,
mrefu juu kabisa.
Bupe akasoma bila kusita: "Saa moja."
Kioo kikawaka chekundu.
Akasoma tena, sauti imepungua: "Saa moja?"
Chekundu.
Darasa zima likanigeukia mimi.

Aliyekitengeneza hajui
kwamba huku siku haianzi usiku wa manane watu wamelala;
inaanza na jua, na uji, na mama anayegonga dirisha,
na jua likishatimiza saa yake ya kwanza
sisi tunaihesabu moja.

Nikakifunika kwa dasta.
"Bupe, umepata."
Hakukaa. Alikuwa anaitazama ile dasta.
"Sasa mbona kimekataa?"

Jioni nikawaandikia wenyewe, mistari mitatu,
kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza changu cha chuoni.
Wiki ya sita hii, kimya.
Zamoyoni sasa anajumlisha robo na thumuni macho kafumba,
hilo silikatai, nalishukuru.
Na vizibo bado ninavyo, vimebaki mia na tatu.

Ila Bupe, kila asubuhi getini,
kabla hata ya shikamoo:
"Mwalimu, wameshajua kusoma saa?"