Mivuto Mitatu

Mlango wa maji tuliufungua saa tisa usiku,
bahari imekupwa, tope linameta kama mgongo wa kambare,
na mtaro wa Goedrust haukusogea hata inchi.
Mvua ya siku nne imelala mashambani.
Mpunga umezama hadi shingoni.
Kuku wa Bi Sattie wamepanda juu ya friji.

“Kuna kitu kooni,” akasema Deonarine,
akavua saa, akanipa, akajifunga kamba.
Tukaushusha mlango tena kabla hajaingia,
maana maji yakipata tundu
hayaulizi ni nani kasimama mbele yake.

Huko chini ya barabara taa haina kazi.
Macho yake ni vidole.
Mimi kazi yangu kamba:
mvuto mmoja, nilegezee;
miwili, nitoe, upesi;
mitatu hatukuwahi kupatana maana yake.

Akazuka na kopo la rangi. Akarudi.
Mzizi wa mchu, mnene kama paja. Akarudi.
Gurudumu la baiskeli ya mtoto, limefuga kome.
Akatema, akavuta pumzi, akarudi.
Kule nje bahari imeanza kugeuka;
naisikia ikilamba vigingi,
kimoja, halafu cha pili.

Kisha kamba ikatulia.
Nikahesabu. Nilipofika arobaini
nikasahau arobaini inafuatwa na nini.

Mivuto mitatu.

Nikavuta kwa nguvu zote, na za marehemu baba yangu.
Kwanza likatoka godoro, limelewa matope,
zito kama ng'ombe mwenye mimba,
na yeye nyuma yake, analisukuma kwa bega.
Akaketi kando yake. Hakujifuta uso.
“La Mama hili,” akasema. “Nimelijua kwa mshono.
Uzi wa kushonea viatu. Nililishona mimi.”

Januari, ilipokwisha siku ya kumi na tatu,
alilitia mtaroni usiku, akiona haya majirani,
akidhani maji yatalifikisha baharini.

Tukauinua mlango.
Mtaro ukacheua mara moja, ukaenda.
Asubuhi walimletea chai, wakamletea roti,
wakamwita mkombozi; akala huku kainama.

Saa yake nilimrudishia.
Lile jingine bado ninalo.

Godoro tulijaribu kulichoma, halikuwaka.
Siku tisa lilikaa juu ya tuta,
linachuruzika.