Milimita Tatu

Bi Helve hatoi mkono, anatoa kiwiko:
vidole vyake vina wino tangu alfajiri.
Nje, Tartu inaganda, mto umefumba mdomo,
nami nimembeba baba ndani ya bahasha ya kadibodi,
michoro ishirini na sita ya kinamasi:
kuvumwani, matete, korongo mmoja wa kijivu.

"Keti. Tuanze na karatasi."

Hii inang'aa. Naiinamisha chini ya taa
najiona uso pale ambapo yangekuwa maji.
Hapana. Kumbe yeye ameshaiweka kando.
Hii nyeupe mno, nyeupe ya hospitali.
Hii ya tatu, gramu mia na arobaini,
ina weupe wa maziwa yaliyolala,
na ukiipapasa inakwaruza kidogo,
kama shavu la mwanamume jioni.
"Hiyo inakunywa wino," ananionya.
"Rangi zitapoa. Kijani cha babako
hakitakuwa kile cha kwenye kompyuta.
Kioo kina taa tumboni; karatasi haina."
Nachukua hiyo.

Anararua kipande kwa urefu: mpasuko unanyooka.
Anararua kwa upana: unakwenda upogo, unalalamika.
"Nyuzi zina njia yake. Kitabu kikunjwe kwa kuzifuata,
la sivyo kitakuvunjikia mgongoni. Umesikia?"
Nimesikia. Kwa sikio hasa.

Samawati, majenta, manjano, nyeusi.
Kwa vitone vya wino wa aina nne
ataitafuta ile damu ya mzee
ambayo baba aliichanganya kwenye kisosi
wala hakuandika popote alivyofanya.

Kisha anachukua rula, anakunja uso.
"Alipaka mpaka ukingoni, akaacha hapo hapo.
Kisu changu si malaika. Kikiteleza unywele mmoja
msomaji ataona ufa mweupe pembeni.
Rangi lazima ivuke, milimita tatu kila upande.
Ni za kukatwa. Nani atazipaka?"

Baba aliondoka Machi, barafu ikipasuka.

Basi nikapaka mimi, usiku tisa,
kwa brashi yake yenye alama za meno kwenye mpini,
kwenye vipande vyembamba vya kuunga baadaye.
Nikairefusha mito aliyoikatisha.
Nikalimalizia tete bua lake.
Mwanzoni niliiga, pumzi nimeibana,
kama mtoto anayeghushi sahihi ya mzazi.
Ukurasa wa kumi na tisa nilichoka kuogopa:
nikatia chura, mdogo kuliko punje ya mchele,
nje ya mstari, ambako hakuna atakayefika.

Siku ya kukata, mtambo umenyamaza,
kisu kinashuka na sauti ya mlango mzito.
Nakala mia tano. Vyura mia tano
wanamwagika kwenye pipa la chakavu.
Bi Helve anaokota utepe mmoja,
anausogeza kwenye miwani, ananitazama,
anautia kwenye mfuko wa aproni.
Hasemi kitu. Anapiga kiwiko changu kwa kiwiko chake.

Lakini kisu si malaika.
Nakala moja ilikwenda upande, unywele tu,
na sikuiona mpaka maboksi yalipokwisha kuondoka.
Iko kwa mtu fulani, sijui Võru, sijui wapi:
pembeni mwa maji ya baba,
mguu mmoja wa kijani, umekanyaga ndani.