Alama ya Juu

Boksi la chujio lina klipu nne.
Mbili ziliruka, moja ikanikata ukucha,
ya nne baba aliifunga waya miaka ya vita
na hajawahi kuifungua.
Karatasi ikatoka nzito kama mkate uliochovywa chai,
ikanichuruzikia mpaka kiwiko.

Chujio la hewa huchafuliwa na vumbi, hilo halina ajabu.
Vumbi la Zenica lina chuma ndani yake, tumelizoea.
Lakini oili?
Oili imefuata nini kwenye mlango wa upepo?

Zdravko aliegemea ukuta, sigara ya tatu:
"Ringi, Mevlida. Ringi zimekwisha.
Pistoni zinapumua kwa chini, oili inapanda.
Golf ya themanini na saba, dizeli,
mazishi yake yamechelewa tu."
Akataja bei ya chuma chakavu kwa kilo
kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Mgonjwa hazikwi kwa kauli ya jirani.
Niliwasha. Taa ya njano ikazimika, injini ikashika,
ta-ta-ta-ta, kikohozi kilekile
kilichoniamsha kwenda shule.
Nikalegeza kifuniko cha oili, nikakiacha kimekaa tu.
Ringi zikifa, hucheza kama mfuniko wa sufuria ya maharage.
Kilitikisika. Kikatulia.
Nikachomoa mpira wa pumzi, nikaupuliza kwa mdomo:
uko wazi, hauna hata ule ute mweupe wa Januari.
(Ladha yake nilikaa nayo hadi chakula cha usiku.)
Moshi ulikuwa wa buluu, mwembamba,
kama mtu anayevuta sigara kwa kificho.

Basi nikazima. Nikangoja oili ishuke.
Kitu cha kwanza kupimwa nilikuwa nimekiweka mwisho.
Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa soksi kuukuu,
nikakirudisha, nikakichomoa tena.

Kijiti kina alama mbili,
na injini huishi katikati yake.
Oili ilisimama vidole vitatu juu ya ile ya juu.

Nikainusa: hainuki dizeli.
Nikaisugua kwa kidole: nyepesi, rangi ya chai ya rangi,
wakati oili ya dizeli huwa lami kabla ya wiki kwisha.
Ilikuwa mpya. Ilikuwa nyingi mno.
Mtambo wa chini umeichapa ikawa povu,
povu likatafuta pa kutokea,
likapanda mpira wa pumzi, likaja kulala kwenye karatasi.

Zdravko alizima sigara kwa kisigino,
akainama kutazama kijiti, akainuka bila neno.

Baba alikuwa mlangoni, kofia kichwani,
kama anayewahi zamu ya tanuru
aliloliaga mwaka niliozaa mwanangu wa kwanza.
"Nimeiongeza asubuhi," akasema.
"Gari kuukuu halitaki kusahauliwa."
"Na jana, baba?"
"Jana?"
Akaligeuzageuza neno lile
kama spana isiyoingia nati yoyote aijuayo.

Nyuma ya gunia la viazi nilikuta makopo,
ya nusu lita, saba, matupu,
yamepangwa maandiko yakitazama upande mmoja.

Tulilegeza nati ya chini, mimi na Zdravko,
tukamwaga, tukapima, tukamwaga tena.
Tukapangusa boksi. Chujio jipya marka kumi na nne.
Zdravko hakutaka malipo, akachukua kahawa,
na kule jikoni hakutaja ringi.

Kesho yake kabla ya mwanga nilisikia mlango wa gereji.
Nilishuka kwa soksi.
Boneti iko wazi, faneli mkononi mwake,
macho yanatafuta kopo nililolificha.
"Mevlida, oili imetuishia."
"Tupime kwanza, baba."
Akakifuta kijiti polepole, pande zote mbili,
akakiinua kwenye taa.
"Iko sawa," akasema, na akashangaa.

Keshokutwa tulipima tena.