Ramani ya Eteri

Eteri alinichorea njia kwenye karatasi ya kufungia mkate:
Alazani kushoto, mizabibu kulia,
"ukifika kwa mbwa wa Zurabi, shuka, usikimbie."

Nilishuka. Mbwa akanusa tairi, akanusa goti,
akapiga miayo.

Kisha vilima. Changarawe zikaanza kunisengenya,
kokoto za ukubwa wa yai,
baiskeli ikitetemeka kama kifuniko cha sufuria ya maharage.
Nikaisukuma. Sioni haya.

Huko juu, theluji ya Kaukazi ilikuwa mbali vilevile
kama asubuhi nilipoanza.

Lakini mto niliodhani nimeuacha
ulikuwa pale chini, umejigawa mikono saba,
kila mkono ukijitafutia njia kwenye mawe,
wala hakuna aliyeuchorea.